Shajara ya Bafu: Sehemu 100, Kuanzia Chini ya Vigae

8 Februari: Bajeti ya kwanza

Bafu letu limechoka. Vigae vya upande wa shawa ukivigonga kwa kifundo cha kidole vinatoa mlio wa kitu kitupu. Ukutani, upande wa chumba cha mama, kuna doa la unyevu linalopanda mwezi hadi mwezi. Na mama mwenyewe, kwa magoti aliyonayo sasa, kila akienda kuoga inambidi avuke ukingo wa sentimita 18. Juzi nilimkuta amesimama mbele ya ukingo ule, mkono mmoja ukutani, anajikusanya kabla ya kuinua mguu. Siku ile ile niliamua kwamba kazi hii haisubiri tena.

Nitaandika hapa kila hatua ikikamilika ili mwenye bafu kama letu aweze kufuata. Bei sitaziandika kwa fedha, kwa sababu bei za mahali na wakati mmoja haziwafai watu wa mahali pengine. Fedha zote tulizotenga nimezigawa sehemu 100. Chukua kiasi chako, kigawe kwa 100, nawe utaona kila kitu hapa kinakuangukia wapi.

Leo jioni tumekaa mezani tukaandika: vigae 22, vyombo (choo, beseni la kunawia, shawa na koki zake) 28, ufundi 30, mabomba 6, umeme 5, rangi na mlango 4, dharura 5. Jumla 100. Ilipendeza kuitazama.

15 Februari: Vipimo, na bajeti kuvunjika karatasini

Nilikuwa nimekadiria vigae kwa kupima sakafu kisha kuongeza "kidogo" kwa ajili ya kuta. Leo nimepima sawasawa. Chumba kina mita 1.8 kwa 2.4, na kimo chake ni mita 2.4. Sakafu ni mita za mraba 4.32. Mzunguko wa kuta ni mita 8.4, kwa hiyo kuta nzima, ukitoa mlango na dirisha dogo, ni mita za mraba 18.2. Kuta ni zaidi ya mara nne ya sakafu! Makadirio yangu ya kwanza hayakukaribia hata nusu ya hapo.

Nilipoanza kuuliza bei nikagundua kilichokosekana kwenye orodha yetu, nacho si kidogo. Hakukuwa na kubomoa wala kuondoa kifusi. Hakukuwa na saruji na mchanga wa sakafu mpya. Utando wa kuzuia maji chini ya vigae haukuwemo kabisa, wakati doa la ukutani linatuonyesha kila siku kwamba hilo ndilo tatizo letu kuu. Gundi ya vigae, grauti (ya kujazia nafasi kati ya kigae na kigae), silikoni na vipande vya kingo nilidhani vinakuja "ndani ya vigae". Havimo. Kila kimoja kina bei yake.

Na dharura ya sehemu 5 kwenye bafu la zamani haitoshi. Hakuna anayejua kilicho ndani ya ukuta mpaka ukuta ufunguliwe. Ushauri nilioupata kwa kila fundi niliyemuuliza ni kutenga 15 mpaka 20.

22 Februari: Bajeti ya pili

Tumeanza upya, safari hii kwa kanuni moja: kitu ambacho sitaweza kukifikia tena bila nyundo kinalipiwa kwanza, na kinalipiwa vizuri. Beseni nisilolipenda naweza kulibadilisha mwaka ujao kwa saa mbili. Bomba lililo ndani ya ukuta, kiungo cha tundu la maji, utando ulio chini ya sakafu, hivyo havibadilishwi bila kuanza kazi yote upya. Kwa hiyo tumepanga kuanzia chini kwenda juu:

Kubomoa na kifusi: 5
Mabomba ya maji safi na maji machafu: 8
Umeme na feni ya kutoa hewa: 6
Sakafu, plasta na kuzuia maji: 8
Vigae: 11
Gundi, grauti, silikoni, kingo: 5
Vyombo: 15
Ufundi: 24
Rangi na mlango: 3
Akiba ya dharura: 15

Vigae vimeshukaje kutoka 22 hadi 11? Kwanza tumekubali kwamba si kila ukuta unahitaji kigae mpaka darini. Eneo la shawa litapata kimo cha mita 2.1: mzunguko wa mita 3.6, yaani mita za mraba 7.56. Kuta zilizobaki zitapata mita 1.2 tu kutoka chini, jumla mita za mraba 4.8, na juu yake rangi inayostahimili unyevu. Pamoja na sakafu ni mita za mraba 16.7 badala ya 22.5. Pili, tumeacha kigae chenye michoro tuliyokuwa tumekipenda, tukachukua cheupe cha kawaida cha sentimita 30 kwa 60.

Nilimuuliza mama kama ana rangi anayoitaka. Akanijibu, "Mwanangu, mimi nataka kuingia bila kuinua mguu. Rangi chagueni nyinyi." Basi nikaongeza mstari kwenye mpango, si kwenye gharama: sakafu ya bafu iishe sentimita 1 chini ya sakafu ya korido, bila ukingo wowote, na shawa itenganishwe kwa mteremko na pazia tu.

1 Machi: Mapatano na mafundi

Tulipata makadirio matatu. La kwanza lilikuwa tarakimu moja tu: "bafu zima, kiasi hiki." Lilikuwa la chini kuliko yote, na nusura tulichukue. Tulipomwomba fundi yule avunje tarakimu ile vipande vipande, tukakuta kuzuia maji hakumo, kifusi hakimo, na majaribio ya mabomba hayamo. Ukiyarudisha yote hayo, yeye ndiye aliyekuwa ghali zaidi. Tangu siku hiyo silinganishi makadirio kabla kila moja halijaandikwa kwa mistari ile ile ya orodha yangu.

Tuliyekubaliana naye ana fundi bomba na fundi umeme anaofanya nao kazi. Ufundi wa sehemu 24 tumeugawa malipo manne: asilimia 20 kazi ikianza, 30 mabomba yakishapita jaribio la presha, 30 vigae vikikamilika, na 20 wiki moja baada ya kuanza kuoga. Mapatano yameandikwa, yana saini za pande zote mbili, na kila malipo yamefungwa kwenye jambo linaloonekana kwa macho, si kwenye tarehe.

10 Machi: Kubomoa

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili na haina mengi ya kusimulia: funga koki kuu, zima umeme wa chumba, toa vyombo, kisha nyundo na patasi. Ziba tundu la maji machafu kwa tambara nene kabla ya kigae cha kwanza kuanguka. Kifusi kikiingia humo utakilipia baadaye.

Kosa lilikuwa langu, kwenye kifusi. Nilipiga hesabu ya ujazo kikiwa bado kimeshikamana: sakafu mita za mraba 4.32 kwa unene wa sentimita 7, na kuta mita za mraba 11.4 kwa sentimita 2.5. Jumla kama mita za ujazo 0.6. Nikaagiza gari la kutosha hicho. Lakini zege na vigae vikishavunjwa hujaa hewa katikati, na ujazo huongezeka kwa nusu hivi. Uzito nao sikuuwaza kabisa: mita za ujazo 0.6 za zege na plasta ni zaidi ya tani moja. Tulihesabu magunia 52 ya kilo 25 hivi kila moja. Kaka yangu na vijana wawili waliyabeba mchana kutwa, na gari likarudi mara ya pili.

Rekebisho kwa anayefuata: zidisha ujazo kwa 1.5, kisha uliza gari linabeba uzito gani, si ukubwa gani. Na usijaze gunia mpaka mdomoni, nusu yatosha.

Kubomoa kumekula 7 badala ya 5. Akiba imebaki 13.

14 Machi: Ndani ya ukuta

Hapa ndipo akiba ilipothibitisha kwa nini ipo. Bomba la zamani la chuma lilikuwa limeliwa na kutu kwa ndani, na tundu la maji limebaki jembamba kama penseli. Ndiyo sababu shawa yetu ilikuwa ikitiririka kinyonge miaka yote, nasi tukilaumu kichwa cha shawa. Mpango ulikuwa kubadilisha mabomba ya ndani ya bafu peke yake. Fundi bomba akaniita akanionyesha kipande alichokata.

"Dada, hili linalotoka kwenye koki kuu ni hili hili. Ukiliacha utaniita tena, na siku hiyo tutavunja vigae vipya."

Tukabadilisha yote, mpaka koki kuu, kwa mabomba ya PPR, yaani ya plastiki ngumu inayounganishwa kwa moto. Tukaongeza na koki ya kufungia maji ya bafu peke yake, ili siku ya kurekebisha kitu nyumba nzima isikae bila maji.

Jaribio la presha: mabomba yalijazwa maji, ncha zote zikafungwa, yakasukumwa kwa pampu ya mkono mpaka bari 10. Mabomba ya PPR hutanuka kidogo mwanzoni, kwa hiyo baada ya nusu saa presha iliyoshuka ilirudishwa, ndipo tukaanza kuhesabu. Asubuhi kipimo kilikuwa bari 8.5. Fundi alikausha kila kiungo kwa kitambaa, akapitisha karatasi laini kimoja kimoja. Kiungo kimoja, nyuma ya mahali pa beseni, kililowesha karatasi. Kilikuwa hakijapashwa moto vya kutosha. Bomba la milimita 20 linahitaji sekunde 5 kwenye nyuzi 260, na kile kiliunganishwa jioni, watu wakiwa na haraka ya kuondoka. Kilikatwa, kikaunganishwa upya, na usiku uliofuata kipimo hakikusogea.

Tone lile lisingeonekana kwa miezi. Lingeonekana kama doa jipya kwenye ukuta wa mama.

Jambo la pili lilikuwa choo. Choo tulichonunua tayari (niliona kimepunguzwa bei, nikakichukua kabla ya wakati) kinataka katikati ya tundu lake kuwe sentimita 30 kutoka ukutani. Nilipima ukuta ukiwa mtupu nikapata 30 kamili, nikafurahi. Fundi akaniuliza, "Na plasta umeihesabu?" Sikuwa nimeihesabu. Plasta milimita 15, gundi 5, kigae 9: karibu sentimita 3 zinaliwa, inabaki 27, na choo kisingekaa. Kwa kuwa mfereji ulikuwa bado wazi, tundu lilisogezwa bila malipo ya ziada. Kipimo cha choo huchukuliwa kutoka uso wa kigae, na kwa kuwa kigae hakijawekwa, unakiongeza karatasini.

Kabla ya kufunika nilipiga picha kila ukuta, utepe wa kupimia ukiwa umenyooshwa kando ya mabomba. Nilijua tutarudi kutoboa kuta zile kwa ajili ya vishikio vya mama.

Mabomba yamekula 12 badala ya 8. Akiba 9. Malipo ya pili ya ufundi yamelipwa.

19 Machi: Umeme

Kwa ufupi. Hita ya maji imepata njia yake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, na njia hiyo inalindwa na swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja milimita-ampea 30. Swichi hiyo haikuwemo kwenye bajeti. Fundi umeme alisema hafungi hita mahali pa maji bila hiyo, nami nilifurahi kusikia fundi anayekataa. Feni: chumba kina mita za ujazo 10.4, hewa inatakiwa kubadilishwa kama mara 8 kwa saa, basi feni ya mita za ujazo 83 kwa saa au zaidi kidogo. Kubwa kupita hapo ni kelele tu.

Umeme 7 badala ya 6. Akiba 8.

24 Machi: Sakafu, mara mbili

Sakafu ya sentimita 5 kwa chumba hiki ni mita za ujazo 0.216. Kwa mchanganyiko wa saruji 1 na mchanga 4, mifuko miwili ya kilo 50 ilitosha, ikabaki kidogo.

Mteremko tuliokubaliana ni sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la shawa. Siku mbili baada ya kumwagwa, sakafu ikiwa imeshika, nilileta ndoo ya maji nikaimwaga taratibu pembeni. Maji mengi yalikwenda tunduni, ila kona ya kushoto ilibaki na dimbwi la upana wa sahani. Pimamaji ilionyesha kona ile imeinama upande usiotakiwa kwa milimita 4.

Fundi alipendekeza tuifiche kwa gundi wakati wa vigae. Nilikataa, na bado naona nilikuwa sahihi, kwa sababu utando wa kuzuia maji unakaa chini ya gundi: maji yakipenya vigae yangekaa kwenye kona ile siku zote, yakilowesha gundi. Kupaka tabaka jembamba la saruji juu yake nako hakufai, hubanduka. Kona ilichongwa, ikapakwa kiunganishi, ikamwagwa upya kwa unene wa kutosha. Tukajadiliana gharama kwa adabu: vifaa juu yangu, na siku ya kazi tukagawana nusu kwa nusu.

Ndoo moja ya maji, dakika tano. Na pimamaji ningeiweka sakafu ikiwa na saa chache tu, kona ingerekebishwa kwa mwiko.

5 Aprili: Kuzuia maji, na usiku niliousubiri kwa hofu

Utando ulipakwa tabaka mbili kwa brashi, la pili likipakwa kukatiza la kwanza. Kwenye maungio ya ukuta na sakafu kuliwekwa utepe wa kitambaa kabla ya tabaka la kwanza. Sakafu yote, kuta za shawa mpaka mita 2.1, na sentimita 20 za chini kwenye kuta nyingine.

Jaribio: ziba tundu, jenga kizuizi kidogo cha muda mlangoni, jaza maji kina cha sentimita 3, weka alama ya penseli, subiri saa 24. Niliweka pia ndoo yenye maji pembeni, nayo nikaitia alama. Ndoo hiyo ni muhimu, kwa sababu maji hupungua pia kwa kukauka hewani, na bila ndoo huwezi kujua kipi ni kipi. Kesho yake ndoo ilikuwa imeshuka milimita 1. Sakafu ilikuwa imeshuka 9.

Nilikaa kwenye kizingiti nikiangalia alama ile kwa muda mrefu. Sakafu ilishamwagwa mara mbili, akiba inapungua, na mama alikuwa wiki ya nne anaoga kwa ndoo kwenye chumba cha kufulia bila kulalamika hata mara moja.

Tulitafuta kwa utaratibu. Maji yalipunguzwa mpaka yakabaki mita moja kuzunguka tundu tu, bado yakashuka. Kwa hiyo kuta na kona zilikuwa salama, tatizo ni tundu. Fundi alichimbua kidogo pembeni yake: utando ulikuwa umepakwa mpaka kwenye mdomo wa plastiki laini, haukushika, ukaachia. Tundu lenyewe lilikuwa la aina isiyo na sahani pana ya kulalia utando.

Tulinunua tundu lenye sahani hiyo. Plastiki ilikwaruzwa kwa msasa, kipande cha kitambaa kikakatwa shimo katikati na kulazwa juu ya sahani, tabaka mbili juu yake, kisha siku mbili za kukauka. Jaribio la pili: ndoo milimita 1, sakafu milimita 1. Nililirudia saa 24 nyingine ingawa hakuna aliyenitaka. Milimita 1 tena.

Sakafu, plasta na kuzuia maji: 11 badala ya 8. Ufundi: 25 badala ya 24, kwa ile nusu siku ya kona na siku ya tundu. Akiba 4. Kama ningebaki na dharura ya sehemu 5 ya bajeti ya kwanza, kazi ingesimama wiki tatu zilizopita, kuta zikiwa wazi.

16 Aprili: Vigae

Hesabu ya kuta: mita za mraba 12.36, ongeza asilimia 10, ni 13.6. Boksi lina vigae 8, yaani 1.44, kwa hiyo maboksi 10. Yalitosha, vikabaki vigae vinne vizima ambavyo nimeviweka.

Sakafu ndiyo iliyokosewa. Kigae chake ni cha sentimita 30 kwa 30, mita za mraba 4.32, nikaongeza asilimia 10 ile ile nikapata maboksi 5. Lakini sakafu yenye mteremko kutoka pande nne kwenda kwenye tundu hukatwa kwa mshazari, na kila kigae cha mshazari kinaacha kipande kisichofaa mahali pengine. Asilimia 15 hata 20 ndiyo ya kuhesabu hapo. Vigae viliisha, vikapungua sita. Boksi la ziada lilikuwa la toleo lingine la kiwanda, na weupe wake ulielekea manjano kidogo. Vikipangwa karibu na vya zamani unaona. Tukafanya hivi: fundi aling'oa vigae vichache chini ya beseni ambavyo gundi yake haijashika, akavipeleka kwenye shawa, na vile vya toleo jipya vikaenda chini ya beseni na nyuma ya mlango. Hakuna aliyeitambua tofauti mpaka sasa. Namba ya toleo iko ubavuni mwa boksi. Soma kila boksi kabla halijatoka dukani.

Gundi nayo ilizidi. Nilihesabu mifuko minne ya kilo 25, ikatumika mitano, kwa sababu ukuta mmoja ulikuwa nje ya timazi kwa milimita 12 ndani ya mita mbili, na gundi ndiyo iliyobeba tofauti. Hilo lilikuwa la kuonekana siku ya plasta. Nilipima sakafu kwa makini, ukuta sikuupima. Grauti kwa upana wa milimita 3 ilitaka kilo 3.8 kwa hesabu, mfuko wa kilo 5 ukatosha. Kwenye kona zote na kati ya ukuta na sakafu tumeweka silikoni badala ya grauti, maana kuta na sakafu husogea kila moja kivyake, na grauti hapo hupasuka.

Vigae 12 badala ya 11, gundi na wenzake 6 badala ya 5. Akiba 2. Malipo ya tatu yamelipwa.

26 Aprili: Vyombo, vishikio, rangi

Choo kimekaa mahali pake, sentimita 30 kutoka kwenye kigae. Beseni tumechukua dogo na rahisi kuliko tulilopanga, na tumeokoa sehemu 1. Mlango wa zamani hatukuubadilisha: ulipigwa msasa, ukakatwa kidogo chini ili hewa ya feni ipite, ukapakwa rangi. Sehemu 1 nyingine imerudi.

Vishikio vya mama viwili, kimoja shawani na kimoja pembeni ya choo, kimo cha sentimita 85. Kabla ya kutoboa nilitoa zile picha za mabomba. Tundu la kwanza tulilokuwa tumelitia alama lilikuwa sentimita 2 kutoka kwenye bomba la maji moto. Tulisogeza kishikio kwa sentimita 10. Kigae kilitobolewa kwa keekee ya almasi bila kupigapiga, vumbi likafutwa, silikoni ikaingizwa kwenye tundu kabla ya skrubu ili maji yasipitie hapo kwenda ukutani. Kaka yangu, ambaye ni mzito kuliko sisi wote, alijining'iniza kwenye kila kimoja. Havikutikisika.

3 Mei: Hesabu kamili

Wiki moja ya kuoga imepita. Hakuna dimbwi, kioo cha ukutani kinakauka ndani ya dakika kumi feni ikiwaka, na malipo ya mwisho yamelipwa leo asubuhi.

Kubomoa na kifusi: 5, imekuwa 7
Mabomba: 8, imekuwa 12
Umeme na feni: 6, imekuwa 7
Sakafu, plasta, kuzuia maji: 8, imekuwa 11
Vigae: 11, imekuwa 12
Gundi, grauti, silikoni, kingo: 5, imekuwa 6
Vyombo: 15, imekuwa 14
Ufundi: 24, imekuwa 25
Rangi na mlango: 3, imekuwa 2
Jumla: 96, na 4 zimebaki

Kati ya sehemu 15 za akiba zimetumika 11, na 7 kati ya hizo zimeingia kwenye mabomba na sakafu, mahali ambapo sasa hapaonekani. Makosa yaliyokuwa yangu mwenyewe, yaani gari la kifusi, boksi la sita na mfuko wa tano wa gundi, yamegharimu 4.

Sehemu 4 zilizobaki nimeziacha bila kuzigusa. Ukuta wa chumba cha mama unahitaji kukwanguliwa na kupakwa rangi, lakini si sasa. Nimechora mstari wa penseli kuzunguka lile doa na kuandika tarehe. Jana mstari ulikuwa nje ya doa kwa upana wa kidole kimoja: linakauka. Likikauka kabisa nitarudi hapa kuandika siku zilizochukua.

Mama ameomba kitu kimoja tu cha kuongeza, kiti kidogo cha kukalia ndani ya shawa. Nimeshapima nafasi.